Madaraka Huliwa Mazima: Misemo ya Lubumbashi na Maana Zake

Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikuwa Lubumbashi, mji wa Katanga nchini Kongo, iliyoitwa Zaire wakati huo, na hakuwa mgeni wa mji huo. Alikuwa amefanya utafiti Katanga katika miaka ya 1960, akarudi kufundisha chuo kikuu katika miaka ya 1970, na Kiswahili cha hapo alikifuata bila mkalimani. Katika mazungumzo na marafiki ukapita msemo kwa Kifaransa: *le pouvoir se mange entier*. Madaraka huliwa mazima. Wenyeji waliupokea kama jambo la kawaida. Fabian alielewa kila neno, lakini msemo wenyewe haukumwingia akilini. Akaanza kuulizia maana yake.

Miongoni mwa walioulizwa walikuwa waigizaji wa Groupe Mufwankolo, kundi maarufu kuliko yote mjini, lililojulikana kwa michezo yake ya redio na televisheni. Waigizaji hao hawakumpa tafsiri. Waliuchukua msemo ukawa mada ya mchezo wao uliofuata. Wakaujadili, wakabishana, wakaugawa katika matukio, wakafanya mazoezi, na mwishowe mchezo ukarekodiwa kwa ajili ya televisheni. Fabian alinasa mijadala na mazoezi hayo, akayaandika neno kwa neno, na mwaka 1990 akatoa kitabu *Power and Performance*, chenye Kiswahili cha waigizaji pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza. Msemo wa maneno matano ulihitaji kundi zima la watu na kitabu kizima ili maana yake ifunguke.

Tumezoea shuleni kuulizwa: "Toa maana ya nahau ifuatayo." Mwanafunzi huandika mstari mmoja, mwalimu huweka alama ya vema, na kazi imekwisha. Waigizaji wa Lubumbashi walionyesha kwamba kazi haiishi hapo. Maana ya msemo hukaa kwa watu wanaoutumia, katika nafasi wanazoutumia, na katika jibu linalotolewa baada ya kusemwa. Lubumbashi ni mahali pa kulishuhudia hilo kwa macho, kwa sababu ni mji uliojengwa na watu wa lugha nyingi waliolazimika kuelewana upesi.

Mji wa kazi, lugha ya kazi

Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa hadi mwaka 1966, ilianzishwa mwaka 1910, mwaka ule ule reli kutoka kusini ilipoufikia mji. Mwaka uliofuata tanuru la kuyeyushia shaba likaanza kazi. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilihitaji vibarua kwa maelfu. Walitoka kwa Walamba wenye ardhi, kwa Wasanga, Waluba wa Katanga na wa Kasai, Walunda, Wabemba, na wengine kutoka ng'ambo ya mpaka katika nchi ambayo leo ni Zambia.

Kiswahili kilikuwa kimeshatangulia. Misafara ya biashara ilikifikisha hadi Bunkeya, makao ya Msiri mfalme wa Wayeke, aliyeuawa mwaka 1891. Baadaye utawala wa Wabelgiji na kampuni ya madini walikikuza kwa sababu zao wenyewe, mojawapo ikiwa kupunguza mvuto wa makoloni ya Waingereza yaliyopakana nao kusini. Lakini waliokifanya kiwe lugha hai ni wakazi. Walikisema kazini, sokoni, kanisani na nyumbani, mpaka watoto waliozaliwa mjini wakawa nacho kama lugha ya kwanza.

Msikilizaji wa Dar es Salaam au Mombasa anapokisikia kwa mara ya kwanza, huona mambo yaliyogeuka. Watu ni *bantu*. Ukubwa, ambao pia ni mamlaka, ni *bukubwa*. Ugali ni *bukari*. "Ndiye" na "ndiyo" za kusisitiza zimekuwa *njo*. "Piga" wengi hulitamka *pika*, kwa hiyo kitenzi cha kugonga na kitenzi cha jikoni vinasikika sawa, na hakuna anayechanganyikiwa, kwa kuwa neno linalofuata ndilo linaloamua. Edgar Polomé alichapisha maelezo ya kitaalamu ya lugha hiyo mwaka 1968, na wataalamu wengine wamemfuata hadi leo.

Kwa muda mrefu wapo walioiona lugha ya namna hii kuwa na umaskini. Walidai kwamba lugha iliyokuzwa na watu wa makabila mengi inabaki na maneno ya kazi na biashara tu, haina mafumbo wala methali. Dai hilo halina msingi. Mtu anayehamia lugha mpya haachi akili yake mpakani. Huja na namna yake ya kusema, akaivisha maneno ya lugha mpya, na jirani yake wa kabila jingine akikuta wazo hilo hilo linafanana na la kwao, msemo unapata raia wa pande mbili kwa siku moja. Hivyo ndivyo ilivyotokea kwa kitenzi "kula".

Kula kiti, kula ngoma, kula shaba

Kwa Kibemba, mtu anayerithi uchifu huambiwa anakula ufalme: *ukulya ubufumu*. Nchini Uganda, Kabaka mpya huambiwa amekula Buganda, na katika lugha za Maziwa Makuu mfalme hula ngoma, yaani ngoma ya enzi. Kiswahili sanifu nacho kimejaa: watu hula kiapo, hula njama, hula rushwa, hula hasara, na mzee aliyeishi sana amekula chumvi nyingi. Nchini Kenya, "wakati wetu wa kula" imekuwa lugha ya siasa inayoeleweka na kila mpiga kura. Kamerun imetoa usemi wa "siasa ya tumbo", ambao Jean-François Bayart aliufanya kichwa kidogo cha kitabu chake cha mwaka 1989 kuhusu dola barani Afrika.

Kwa hiyo msemo wa Lubumbashi, hata ukisemwa kwa Kifaransa, umesimama juu ya wazo ambalo Mluba, Mbemba na Mswahili wanalijua kabla hawajafundishwa Kifaransa. Anayepewa madaraka anayala. Jipya ni lile neno la mwisho: mazima.

Katanga ina mfano mwingine, wa zamani zaidi na wa kwao wenyewe. Kabla ya kampuni yoyote kufika, wenyeji waliyeyusha malakiti katika matanuru ya udongo na kufua misalaba ya shaba, ile ile iliyowekwa baadaye kwenye bendera ya Katanga iliyojitenga mwaka 1960. Kazi hiyo ilifanywa wakati wa kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani. Waliofanya kazi hiyo walisemwa kuwa wanakula shaba. Jean-Félix de Hemptinne, mmisionari wa Kibenedikto aliyeongoza Kanisa Katoliki mjini Élisabethville kwa miaka mingi, aliandika juu yao mwaka 1926 akiwaita "walaji shaba" wa Katanga.

Mgeni akisikia hivyo neno kwa neno atashangaa nani anatafuna chuma. Aliyekulia katika wazo hilo hashangai. Shaba ililetwa sokoni ikaleta nafaka, nguo na mahari; aliyeipata alikula kupitia kwayo. Usemi huo umebeba uchumi mzima: nani ana ruhusa ya kuchimba, nani anagawiwa, nani anashiba. Ukiuondoa usemi na kuandika mahali pake "walijishughulisha na uzalishaji wa shaba", umebaki na tukio, lakini umepoteza namna wenyewe walivyolielewa.

Maana inakaa wapi ndani ya maneno?

Wataalamu wa lugha wamelikabili swali hili kwa njia yao. Kawaida maana ya sentensi hujengwa kutokana na maana ya maneno yake. Nahau huvunja kanuni hiyo. "Kuvunja ungo" haina habari ya ungo wala ya kuvunja. Ni habari ya msichana aliyebalehe. Badilisha neno moja, useme "kupasua ungo" au "kuvunja chungio", na maana inatoweka papo hapo. "Amekula chumvi nyingi" ni mzee, lakini hatusemi kijana "amekula chumvi kidogo" ila kwa utani. Maneno yamefungamana, na fungu zima ndilo lenye maana.

Hata hivyo nahau hazifanani zote. Mwaka 1994 Geoffrey Nunberg, Ivan Sag na Thomas Wasow walionyesha kwamba nyingi kati yake zina viungo vinavyoonekana: kila neno limechukua sehemu yake ya maana ya kimafumbo. "Kuvunja ungo" ni fumbo lililofungwa kabisa kwa mtu asiyejua desturi. "Madaraka huliwa mazima" lina viungo vilivyo wazi. Madaraka ni madaraka. Kula ni kupewa na kumiliki. Mazima ni bila kugawa. Mtu anaweza kuvishika viungo hivi kimoja kimoja, kukigeuza kimoja na kuuliza swali: je, hayawezi kuliwa nusu? Nani anapika? Anayebaki na njaa afanye nini?

Ndiyo maana msemo huu ulifaa kuwa mchezo wa kuigiza. Una nafasi ndani yake. Msikilizaji mmoja anaweza kuusikia kama onyo kwa mtawala: ukikubali kiti, kubali na uzito wake, lawama zake na usiku wake wa kukosa usingizi, hukuitwa uchague minofu uache mifupa. Mwingine atausikia kama onyo kwa wasaidizi wake: mamlaka hayagawanyiki, na anayetaka kipande anatafuta vita. Wa tatu atausikia kama malalamiko ya raia: wamekula vyote, hawakutubakizia kitu. Maneno ni yale yale. Kinachotofautisha ni nani anasema, mbele ya nani, na kwa sauti gani.

Desturi ya mezani nayo inasaidia kuelewa. Katika sehemu nyingi za Kongo firigisi ya kuku ni ya baba wa nyumba au ya mgeni wa heshima. Kuku mzima anaweza kugawanywa watu wakala, lakini firigisi huenda kwa mmoja. Mtoto anayeona hivyo tangu utotoni amejifunza somo la mamlaka kabla hajajua neno la kulitaja. Atakapokuwa mkubwa na kuusikia msemo, hatahitaji kamusi.

Jibu la waigizaji

Tufikirie sasa uamuzi wa Groupe Mufwankolo. Kiongozi wao, aliyejulikana kwa jina la jukwaani Mufwankolo, jina lake halisi likiwa Odilon Kyembe Kaswili, alikuwa tayari ni sauti inayotambulika katika kila mtaa. Kundi lake halikufanya kazi kwa kuandika mchezo na kuugawa ukaririwe. Walikubaliana kisa, wakagawana nafasi, kisha kila mmoja akatafuta maneno yake mwenyewe katika Kiswahili cha mji, huku Kifaransa kikiingia pale mhusika anapotaka kuonekana msomi au mtu wa ofisi. Mazoezi ndiyo yaliyokuwa uandishi.

Kwa mada ya madaraka walichagua kijiji, chifu wake, wazee wake na raia wake. Ilikuwa Zaire ya mwaka 1986, chini ya chama kimoja na ya Mobutu aliyeshika nchi tangu Novemba 1965. Kuyajadili madaraka hadharani kwa majina halisi kulikuwa na hatari yake. Kijiji kiliwapa nafasi. Mtazamaji aliyetaka kumwona chifu wa kale alimwona, na aliyetaka kuwaza zaidi hakuzuiwa. Msemo ulimpa kila mmoja mlango wa kuingilia bila mtu yeyote kulazimika kutamka jina.

Hii ni moja ya kazi kubwa za misemo katika jamii yoyote, na hapa wengi hukosea wanapoiita mapambo ya lugha. Pambo unaweza kuliondoa na nguo ikabaki nguo. Ukiondoa msemo pale Lubumbashi mwaka 1986, mazungumzo yenyewe yangekufa. Msemo ulibeba jambo ambalo lugha ya moja kwa moja isingeweza kulibeba salama, na uliwafanya wasikilizaji wawe washirika, kwa kuwa kila mmoja alilazimika kukamilisha maana kichwani mwake.

Baba na mama wa mji

Misemo mingine haikutoka kwa mababu. Ilizaliwa katika kambi za wafanyakazi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, Union Minière iliacha mtindo wa kuchukua vibarua wa muda mfupi ikawatia moyo wafanyakazi waje na wake zao. Nyumba ilitolewa na kampuni. Chakula kilitoka kampuni. Mtoto alizaliwa katika hospitali ya kampuni na akasoma katika shule ya kampuni. Baada ya serikali kuitaifisha mwaka 1967 na kampuni hiyo kuja kuitwa Gécamines, mpango huo uliendelea. Wakazi wakaufupisha hivi: *Gécamines njo baba, njo mama*. Gécamines ndiyo baba, ndiyo mama.

Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, ameonyesha jinsi wazo hilo lilivyopangilia maisha ya familia nzima, na kitabu chake cha mwaka 2001 kinawataja wana wa shaba walioachwa na baba yao. Kuiita kampuni baba hakukuwa sifa tupu. Kulikuwa pia ni kuidai. Baba ana wajibu wa kulisha. Baba akishindwa, mtoto ana haki ya kulia. Ndani ya msemo huo kuna mkataba ambao hakuna mwanasheria aliyeuandika, lakini kila mfanyakazi aliyajua masharti yake.

Mkataba ulivunjika. Mwaka 1986 Gécamines ilizalisha takriban tani 476,000 za shaba. Mwaka 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto ikaporomoka, nchi ikaingia katika misukosuko, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 uzalishaji haukufika hata sehemu moja ya kumi ya kiwango hicho. Mishahara ikakatika kwa miezi mingi mfululizo. Waliozoea kusema kampuni ni baba hawakukosa maneno ya kuueleza msiba huo. Walikuwa yatima, na msemo wa zamani ulikuwa umeshawapa neno hilo.

Maneno ya ofisini mdomoni mwa raia

Lubumbashi ina ufundi mwingine: kuchukua maneno ya serikali na kuyapa maana ambayo serikali haikuikusudia.

*Colonie belge* ni jina la utawala, neno la ramani na la mihuri. Katika miaka ya 1970 lilikuwa jina la aina ya mchoro uliotundikwa sebuleni katika nyumba nyingi za mji: ua wa gereza, bendera ya Ubelgiji, mfungwa anachapwa fimbo, mzungu anatazama. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyechora historia ya nchi yake katika picha zaidi ya 100 kati ya 1973 na 1974, ni mmoja wa waliolifanya wazo hilo lijulikane duniani. Mtu akisema ana *colonie belge* ukutani, kila aliyemsikia aliona fimbo. Maneno mawili ya kiofisi yakawa *ukumbusho*, kama wachoraji na wateja wao walivyoziita picha za namna hiyo.

*Article 15* ni usemi wa nchi nzima, na Lubumbashi nayo inautumia. Asili yake husimuliwa kuwa Kasai Kusini, iliyojitenga mwaka 1960 chini ya Albert Kalonji: waliofika huko wakiomba msaada waliambiwa wajitafutie wenyewe, kana kwamba hicho ndicho kifungu cha 15 cha katiba. Tangu hapo mtu asiye na mshahara, anayeuza mafuta ya kula kwa vipimo vidogo barabarani na kulisha watoto watano, anaishi kwa kifungu cha 15. Sheria isiyokuwepo imetawala maisha ya watu wengi kuliko sheria zilizokuwepo.

Mfano wa karibu zaidi, na unaouma zaidi, ni *départ volontaire*, kuondoka kwa hiari. Kati ya 2003 na 2004, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipewa malipo ya kuondoka kazini. Hilo ndilo jina lililoandikwa kwenye makaratasi. Mitaani likageuka kuwa jina la watu wenyewe: fulani ni *départ volontaire*, yule ni mjane wa *départ volontaire*. Na kila linapotamkwa hubeba ubishi ndani yake. Mtu ambaye hajalipwa kwa miaka kadhaa, akaletewa karatasi ya kutia saini, ana hiari gani? Watu hao wamedai haki zao kwa miaka mingi, na katika madai yao wamelitumia jina hilo hilo walilopewa. Wamelishika neno la ofisi wakaligeuza kuwa shahidi dhidi ya ofisi.

Hapa tunaona jinsi mafungu ya maneno yanavyofanya kazi. Yanapofungamana, yanakusanya kumbukumbu. *Départ* peke yake ni kuondoka. *Volontaire* peke yake ni hiari. Yakiwa pamoja Lubumbashi, ni kisa cha mgodi, benki, karatasi, karo ya shule isiyolipwa na nyumba iliyouzwa. Kamusi ya Kifaransa haiwezi kukuambia hayo. Jirani anaweza.

Tusipoandika, nani ataandika?

Mji haujaacha kutunga. Vijana wana *kindubile*, lugha yao ya mtaani, ambayo inachanganya Kiswahili, Kifaransa, Kilingala na maneno yanayobadilika kila baada ya miaka michache. Georges Mulumbwa wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ni miongoni mwa walioitafiti. Kutoka Kinshasa umekuja usemi wa Kilingala *madeso ya bana*, maharagwe ya watoto, unaotamkwa na afisa anayetaka rushwa bila kulitaja neno lenyewe. Mkenya anayeombwa "kitu kidogo" na Mkongo anayeombwa maharagwe wangeelewana bila mkalimani.

Lakini misemo hufa upesi kuliko maneno. Neno moja moja hupata nafasi katika kamusi. Msemo hubaki kwa wazee, na wazee wanaondoka. Kamusi zetu kubwa za Dar es Salaam, Zanzibar na Nairobi zimeandikwa kwa kutazama pwani na shule, na Kiswahili cha Katanga kimeachwa nje. Programu za kutafsiri kwenye simu zinaongeza tatizo, kwa kuwa mafungu ya maneno ni moja ya vikwazo vikubwa kwa kompyuta tangu zamani. Mashine hujifunza kutokana na yale yaliyoandikwa. Ambacho hakikuandikwa, kwake hakipo. Tangu mwaka 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kiswahili chake hakina sababu tena ya kuhesabiwa kuwa cha mbali au kibovu.

Kuna mfano mzuri wa kufuata. Mwaka 1965 chama cha watumishi wa nyumbani mjini Élisabethville kilitoa *Vocabulaire de ville de Elisabethville*, historia ya mji iliyokusanywa na André Yav, kwa Kiswahili chao wenyewe, na kwa namna yao ya kusema. Hawakusubiri mtaalamu. Maandishi hayo, pamoja na maneno ya Tshibumba na mazoezi ya Mufwankolo, leo yamo katika hifadhi ya Kiswahili cha watu iliyowekwa kwenye intaneti na Fabian na wenzake, na mtu yeyote anaweza kuyasoma.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa walimu wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na Kipushi, kwa watangazaji wa redio, kwa wanafunzi wa chuo kikuu na kwa kila mwenye babu au bibi aliyeishi kambini. Andikeni misemo yenu. Msiishie kwenye maana ya mstari mmoja. Andikeni nani aliusema, alimwambia nani, kulitokea nini kabla yake, na aliyeambiwa alijibu nini. Andikeni kwa Kiswahili kile kile kilichosemwa, pamoja na *njo* yake na *bukubwa* yake, bila kukisafisha ili kifanane na cha Unguja. Na nyinyi watunzi wa kamusi wa Afrika Mashariki, fungueni kurasa zenu kwa Katanga. Kiswahili kina wasemaji wengi huko, wenye zaidi ya karne moja ya kukitumia kufikiria mambo mazito: mamlaka, kazi, njaa na haki. Mawazo hayo ni mali yetu sote, na wakati wa kuyakusanya ni sasa, wakati wenye kuyajua wangali hai.